Kitabu Chekundu Nyuma ya Vitabu vya Kuku

Asubuhi kwenye bweni la wasichana mambo yalikuwa yale yale. Mabomba yanakohoa kabla ya kutoa maji, mtu anatafuta kandambili yake koridoni, na kwenye chumba cha mwisho ghorofani Mtumishi ameshaamka, ameshaoga na sasa anamvuta mwenzake shuka.

"Amka bwana! Sala inaanza."

"Mungu halali, mimi nalala," sauti ilijibu kutoka chini ya mto. "Mwambie nakuja."

"Mwambie mwenyewe."

"Haya, haya! Wewe ukiwa hakimu watu watafungwa kwa kuchelewa kuamka tu!" Cheko akainuka, nywele zimesimama, anacheka. Ndiyo maana aliitwa Cheko. Huyu msichana alikuwa akianguka ngazini anacheka kwanza, maumivu baadaye.

Mtumishi naye jina hilo alipewa na wanafunzi kwa sababu ndiye aliyeongoza sala za asubuhi. Nyumbani kwao walimwita Wakili, ingawa alikuwa mwaka wa kwanza tu na hajamaliza hata muhula mmoja. Wee! Majirani walishaanza kumpigia simu. Mmoja aliuliza, jogoo akiruka ua akala mbegu za watu, anayeshtakiwa ni jogoo au mwenye jogoo? Mtumishi alimjibu kwa dakika nyingi sana, na jirani akamwambia mama yake, "Huyu mtoto anaongea kama redio!"

Cheko hakukulia kwenye nyumba ya kusali. Alianza kwa sababu ya Mtumishi. Wiki za mwanzo chuoni aliugua homa kali, na Mtumishi akakaa naye zahanati mchana kutwa, akakosa masomo, akampepea kwa daftari. Cheko alipopona alisema, "Kama imani yako ndiyo inakufanya hivi, basi nionyeshe mlango wake na mimi niingie." Tangu siku hiyo alikuwa anakuja kwenye sala, anachelewa, anasinzia, lakini anakuja. Na "Amina" yake ilikuwa kubwa kuliko ya wote.

Sasa sikia kilichotokea.

Mwalimu wa sheria ya jinai, mama mmoja mwenye miwani ya kamba ambaye hakuwahi kupaza sauti na bado darasa zima lilimwogopa, alitangaza mahakama ya mazoezi. Mtu amekamatwa na baiskeli isiyo yake. Yeye anasema aliichukua akidhani ni yake, maana zilifanana. Je, ni mwizi? Mtumishi angekuwa mwendesha mashtaka. Cheko angekuwa wakili wa utetezi. Atakayeshinda ataenda kuwakilisha chuo kwenye mashindano makubwa.

"Na kuna hukumu moja ya zamani lazima muisome," mwalimu alisema. "Iko kwenye kitabu chekundu maktaba. Nakala ni moja, haitoki nje ya mlango. Msihangaike na simu, huko haipo."

Darasa lilipumua kwa pamoja. Kijana mmoja aliyeitwa Spika, kwa sababu ya sauti yake, akanong'ona kwa namna yake, yaani ukumbi mzima ukasikia: "Mtumishi na Cheko chumba kimoja? Leo watagawana hata sabuni!"

Mtumishi aliwahi maktaba akaisoma ile hukumu. Akarudia kuisoma, akitafuta upenyo wake. Hakimu wa zamani alikuwa ameandika wazi kabisa: mtu anayechukua kitu akiamini kwa moyo wa kweli kwamba ni chake, huyo si mwizi. Hukumu yote ilikuwa inambeba Cheko! Akiisoma tu, kesi imekwisha.

Na Mtumishi aliitaka sana ile nafasi. Alikuwa ameshamwambia mama. Mama alikuwa ameshaliambia kanisa zima.

Akaangalia huku na huku. Mkutubi alikuwa anabandika namba kwenye vitabu vipya, hana habari. Mtumishi akainuka na kitabu chekundu, akapita rafu za sheria, akapita za historia, akafika kwenye kona ya kilimo ambako hata vumbi lilikuwa limechoka. Akasogeza vitabu vya ufugaji wa kuku, akakitia nyuma yao, akavirudisha.

Akapangusa vumbi mikononi. Kichwa chake cha sheria kikaanza kazi mara moja. Wizi ni nini? Wiki iliyopita tu wamefundishwa. Ni kuchukua mali ya mtu bila ridhaa kwa nia ya kumnyima kabisa. Je, mimi nimekitoa maktaba? Hapana. Nina nia ya kumnyima mtu kabisa? Hapana, baada ya kesi nakirudisha. Basi si wizi. Na uongo? Hakuna mtu niliyemwambia lolote. Akajipitisha kwenye sheria zote alizojua, akajiachia huru. Akatoka nje na uso mkavu.

Jioni Cheko aliingia chumbani, mkoba unaning'inia.

"Mtumishi, kitabu chekundu sikioni! Nimetafuta mpaka mkutubi ameniuliza kama nimepoteza mtoto. Wewe ulikipata?"

"Nilikipata. Nilipomaliza nikakiacha hukohuko maktaba."

Ona jibu hilo. Kila neno ni kweli, na lote ni uongo.

"Basi kuna mtu amekiweka vibaya." Cheko akaketi kitandani. Kidogo akanyanyua uso. "Si tuombe? Wewe husema hata jambo dogo tuombe. Niombee nikipate."

Mtumishi akafunga daftari lake. Angeweza kusema pale pale, walikuwa wawili tu, mlango umefungwa. Badala yake akafumba macho. Akaomba! Akaomba vizuri, kwa sauti ile ile nzuri ya asubuhi, kwamba Bwana afungue njia na kitabu kionekane.

"Amina!" Cheko akasema kwa nguvu. Akakimbilia maktaba kabla haijafungwa. Akarudi mikono mitupu.

Siku ya kesi ukumbi ulijaa. Mwalimu alikaa mbele kama hakimu, amevaa joho. Mtumishi akasimama akasema mashtaka, maneno yanatiririka, Spika anapiga makofi mpaka akakatazwa. Kisha ikawa zamu ya Cheko.

"Mheshimiwa Hakimu," alianza, "mteja wangu alidhani baiskeli ni yake."

"Na sheria inasemaje kuhusu mtu anayedhani?" mwalimu akauliza.

Cheko akafungua karatasi zake. Akafunga. "Mheshimiwa, inaonekana, nadhani..."

"Wakili hadhani. Umesoma hukumu niliyowaelekeza?"

"Sikuipata, Mheshimiwa."

"Mwenzako ameniambia ameipata."

Cheko akajaribu kucheka kidogo, kicheko kikakatika njiani. Mwalimu akamwambia akae, akampa Mtumishi ushindi. Watu wakampongeza, wakampa mikono, na Mtumishi akatabasamu huku akitazama mgongo wa rafiki yake ukitoka mlangoni.

Alimkuta chumbani, anachana karatasi zake vipande vipande.

"Pole, Cheko."

"Kushindwa si kitu. Nimeshindwa mengi mimi." Cheko hakumtazama. "Kinachoniuma ni kingine. Tuliomba, Mtumishi. Mimi kweli niliamini. Nilirudi maktaba najua kabisa kitakuwa pale. Labda Mungu hakunisikia kwa vile mimi ni mgeni kwake. Nyie wa zamani ndio anawajua."

Jamani! Mtumishi alitamani sakafu ipasuke. Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Mdomo ukafunguka, ukatoa hiki: "Mungu ana wakati wake."

Asubuhi iliyofuata alisimama mbele ya wenzake kuongoza sala, akashindwa. Akafumba macho, hakuna neno. Wakadhani anaumwa. Cheko hakuwepo, shuka lake lilikuwa limevutwa mpaka kichwani na Mtumishi hakuthubutu kuligusa.

Hakwenda darasani. Alienda maktaba, akasogeza vitabu vya kuku, akakichukua kitabu chekundu na kwenda nacho moja kwa moja kwa mkutubi. Akamwambia kila kitu, yule baba amebaki kashika gundi mkononi. Wakaenda wote ofisini kwa mwalimu.

Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho. Akavua miwani.

"Kwa nini hukudhani ni kosa?"

"Nilisema si wizi, Mwalimu. Sikuwa na nia ya kumnyima mtu kabisa."

"Kumbe masomo yangu unayaelewa." Hakutabasamu. "Sheria, binti, ni sakafu. Inakuzuia usitumbukie shimoni. Haijawahi kumwambia mtu kwamba akishasimama kwenye sakafu basi amekuwa mwema. Umemwambia mwenzako?"

"Bado."

"Yaani umekimbilia kwa hakimu ukamruka mwenye kidonda. Nenda. Ushindi nimeuondoa. Kesi ya mwenzako nitaisikiliza upya, na upande wa mashtaka nitampa mtu mwingine. Wewe utakaa na kusikiliza."

Mkutubi naye akaongeza kwamba muhula ule wote Mtumishi atasomea mezani kwake, mbele ya macho yake.

Alimkuta Cheko anaanua nguo nyuma ya bweni. Akamwambia. Hakupamba, hakuweka "lakini". Cheko alisikiliza, ameshika shuka ambalo halijakauka vizuri.

"Na ile sala?" akauliza taratibu. "Ulipofumba macho ukaomba kitabu kionekane. Ulikuwa unaongea na nani?"

Mtumishi alilia, na Cheko hakumbembeleza.

Kesi ilisikilizwa upya. Safari hii Cheko alisimama na ile hukumu, akaisoma aya kwa aya, Spika upande wa mashtaka akabaki anajikuna. Mwalimu alitikisa kichwa kukubali, akampa ushindi, na nafasi ya mashindano ikawa yake. Ukumbi ulishangilia. Mtumishi alishangilia pia, kwa moyo wake wote, kutoka kiti cha nyuma.

Baadaye Cheko alimfuata mlangoni.

"Nimekusamehe," akasema. "Sitaki ukae unadhani vingine. Ila kwa sasa usiniombee. Bado sijui nikikusikia unaomba niamini lipi."

Akaondoka na wenzake waliokuwa wanamsubiri.

Mtumishi aliketi kwenye ngazi za ukumbi akampigia mama. Alimweleza yote, hata yale ya aibu.

"Wakili wangu," mama akasema, "unajua niliogopa nini ulipokwenda kusoma sheria? Watu walisema utaacha kusali. Hilo sikuliogopa hata kidogo. Niliogopa utaanza kusali kama wakili, unamchagulia Mungu maneno ambayo hayakukamati."

"Nimekosa, mama. Nimeungama kwa kila mtu. Kitabu kimerudi, Cheko ameshinda. Kwa nini bado inauma hivi?"

"Kwa sababu kitabu kinarudi rafuni siku ile ile, mwanangu. Imani ya mtu hairudi hivyo. Yule binti hakuwa amemjua Mungu bado, alikuwa anamtazama kupitia wewe. Ndiyo maana mtu anayejiita Mkristo anatakiwa awe mkweli hata pale ambapo hakuna sheria ya kumshika. Sasa ishi naye vizuri. Akikuuliza jambo, mpe ukweli mzima, usimpe nusu. Akirudi kusali siku moja, tutamshukuru Mungu. Asiporudi, hilo nalo libebe. Usilitafutie kifungu cha kukutoa."

Mtumishi alikuwa na hoja ya kujitetea, akaiacha.

"Sawa, mama," akasema.