Jeshi Lisilo na Maji

Tulikuwa wanne. Mpiga filamu aliyependa kuitwa Dairekta. Jina alilopewa na babake ni Badawi Muhanna. Mishi Aidarus wa Mombasa, mpishi wa kambi. Swaibu, Mganda aliyeishi mtaa wa Muhaisnah, Dubai, amevalishwa nguo za askari wa kale. Na mimi, Sheikhan Thamer, mwalimu mstaafu wa historia, niliyeajiriwa kueleza majeshi ya zamani yaliendeshwaje, kisha nisisikilizwe.

Ilikuwa mwaka 2014, jangwani nyuma ya Jebel Ali, jua likizama. Basi lilikuwa limeshawarudisha askari wengine wa filamu. Sisi tulibaki kupakia garini viriba, mifuko ya ngozi ya kubebea maji. Badawi alikuwa ameijaza matambara.

"Walipangwa kumi kumi," nilimwambia tena. "Kila kumi na kiongozi wao, na ngamia wao wa maji. Jeshi lako lingekufa kabla ya adhuhuri."

"Mwalimu, nani atawasha TV aone watu wakigawana maji? Wanataka panga. Khalas!"

Jua limeshazama, naye ana miwani ya jua machoni. Mtu wa namna hiyo.

Ndipo ikaja harufu... jasho la ngamia.

Hatukuwa na ngamia.

Kisha miguu. Mingi, ikijiburura nyuma ya tuta la mchanga. Na sauti, kavu:

"Mkuu wa maji ni nani?"

Swaibu alinishika mkono.

"Babu, msiitike," Mishi alinong'ona. "Magharibi hii, mtu humwoni, humwitiki."

Mtoto yeyote wa pwani analijua hilo. Wazee wa Badawi walitoka Unguja. Yeye alijua mikahawa tu.

"Washamba nyinyi! Mnaogopa vibarua?" Akapaza sauti. "Mkuu ni mimi!"

Ile sauti kavu ikajibu:

"Basi tupe."

Kiriba kimoja kikanyanyuka garini. Kikaminywa. Kikatupwa. Cha pili. Cha tatu. Matambara yakatapakaa mchangani, na hatukuona mkono.

Badawi akashika koo. "Maji."

Mishi alimpa chupa. Akaimaliza. Akapewa nyingine. Midomo ilimpasuka huku maji yakimtiririka kidevuni.

Hospitalini walimtundikia dripu, moja baada ya nyingine. Daktari alikiri haelewi maji yanakwenda wapi. Swaibu anasema wale ni askari waliokufa kwa kiu, wakaachwa na mkuu wao. Mimi sina hakika. Nina hakika kwamba alionywa.

Badawi Muhanna alifariki Alhamisi.