Ndoa ya Binti Yangu Ilitangazwa Kilosa, Mikumi Hawakuisikia

Nina miaka arobaini na tisa. Ni mwalimu wa Hisabati katika shule moja ya sekondari hapa Kilosa, na Mungu alinijalia mtoto mmoja tu, binti. Majina yote nitakayotaja nimeyabadili, maana mji wetu ni mdogo na haya ninayowasimulia bado yanasemwa sokoni hadi leo.

Binti yangu nitamwita Debora. Ana miaka ishirini na nne na anauza kwenye duka la dawa karibu na kwetu, mtaa wa Magomeni wa hapa Kilosa. Baba yake ana duka la vipuri vya pikipiki Mikumi, pale barabara kuu. Jumatatu anaondoka, Ijumaa anarudi. Jumapili ni mzee wa kanisa, na ndiye anayesoma matangazo mbele ya waumini.

Mume wangu alikuwa mgumu kwa wachumba wa binti yake, jamani! Wa kwanza alimkataa kwa sababu mjomba wake anakunywa gongo. Wa pili alimkataa kwa sababu aliingia ndani na simu sikioni. Debora alilia mpaka akazoea.

Ndipo akaja Amoni.

Amoni nilimfundisha mwenyewe, kidato cha kwanza mpaka cha nne. Alikuwa mwepesi wa hesabu na mwepesi wa maneno, na nilimpenda kama walimu tunavyowapenda wachache. Sasa anaendesha magari ya watalii Mikumi. Alipoleta posa, mimi nilijiandaa kwa maswali ya mume wangu. Nilijua atauliza ukoo, atauliza dini, atauliza mpaka babu alikufa kwa ugonjwa gani.

Hakuuliza kitu! Alimsikiliza mshenga, akaitikia kwa kichwa, akasema, "Kijana namfahamu, hana neno." Basi. Chai ikaletwa.

Wenzangu, mimi nimesahihisha madaftari kwa miaka zaidi ya ishirini. Mwanafunzi akinipa jibu bila kuonyesha njia, najua kuna mahali amelitoa. Siku ile machale yakanicheza. Lakini Debora alikuwa anacheka peke yake jikoni, nami nikajiambia, mwache mtoto afurahi.

Nilianza kumwangalia mume wangu kwa jicho la pembeni. Amoni akija nyumbani, yule baba wa makelele alinywea. Amoni alikaa kwenye kiti cha mume wangu, kile ambacho hata mdogo wangu wa kiume hathubutu kukikalia, na mwenye kiti akavuta stuli akakaa! Mbele yangu Amoni alisema "Shikamoo baba" kwa adabu zote. Siku moja nikiwa nyuma ya nyumba naanika nguo, niliwasikia wako wawili dirishani.

"Mzee, usinizingue bwana," Amoni alisema. "Tulishaongea."

Na mume wangu akajibu kwa sauti ya chini, "Basi, basi, yameisha."

Nilibaki na kanga mkononi. Usinizingue? Kwa baba mkwe? Hapa kwetu mtoto akipita bila kumwamkia mkubwa anaitwa arudi, na huyu anamwambia mkwe wake maneno ya kijiweni, na mkwe anaomba yaishe! Kuna nini kati ya watu hawa?

Akili yangu ilizunguka kila kona. Nilifikiri labda wanauza nyama za porini, maana Mikumi na hifadhi yake ndivyo ilivyo, watu wanaingiwa na tamaa. Ijumaa mume wangu aliporudi nilinusa begi lake. Ndiyo, nilinusa, mtu mzima mimi! Nilikuta shati limefuliwa vizuri na kupigwa pasi, mikunjo imenyooka. Mume wangu hajawahi kushika pasi tangu nimjue. Nikamuuliza, akasema kuna kijana wa dobi jirani. Nikafunga begi, ila nililiweka moyoni.

Nilipomwambia Debora kwamba sielewi elewi, alinikatisha. "Mama, wewe unamshuku kila mtu. Baba kakubali, wewe ndiye unatafuta makosa?" Alisema nimezoea kuwasimamia watu kwenye vyumba vya mitihani. Niliumia, lakini niliona pengine ana haki.

Matangazo ya ndoa yakaanza. Kwetu ndoa inatangazwa Jumapili tatu, kanisani kwa bwana harusi na kanisani kwa bibi harusi, na waumini wanaulizwa kama kuna anayejua kizuizi. Jumapili ya kwanza mume wangu aliposoma jina la binti yake, akina mama walipiga vigelegele. Mimi nilikuwa namtazama usoni. Alisoma haraka haraka, akaruka kwenye tangazo la kufyeka makaburi.

Baada ya ibada nikamuuliza mchungaji kama Mikumi nako wanatangaza. Akaniambia nisiwe na wasiwasi, mzee mwenyewe amemhakikishia kwamba kule mambo yanakwenda. Mume wangu alikuwa amesimama pale pale. Alisema, "Mama Debora, kwani mimi siko kule kila wiki?"

Nikacheka kidogo. Lakini roho ilikataa.

Ninao wanafunzi wangu wa zamani karibu kila mahali wilaya hii. Wengine ni wauguzi, wengine wana bodaboda, mmoja ni polisi, na wote tuko kwenye kundi moja la simu ambamo bado wananiamkia kila asubuhi. Mmoja wao, Salome, ana mgahawa Mikumi na anaimba kwaya katika kanisa lile ambalo Amoni alisema anasali. Baada ya Jumapili ya pili nilimpigia.

"Shikamoo mwalimu!"

"Marahaba mwanangu. Eti, jina la Amoni mmelisikia kwenye matangazo ya ndoa huko?"

Nikasikia Salome anatoka nje na kufunga mlango. Kisha akasema, "Mwalimu, hilo jina halijasomwa hapa. Na haliwezi kusomwa. Naomba uje mwenyewe, mimi siwezi kukuambia kwa simu."

Ilikuwa katikati ya juma. Siku zilizobaki nilifundisha kama mtu mwenye homa. Niliandika swali ubaoni, nikashindwa kulitatua, wanafunzi wakatazamana. Ijumaa mume wangu akarudi kama kawaida, nikampakulia chakula, nikamtazama anavyokula kwa raha zake. Jumamosi alfajiri nikamwambia nina semina ya walimu Morogoro, nikapanda gari la Mikumi.

Salome alinipokea stendi. Hakusema mengi, alinipeleka mpaka kwenye nyumba moja ya matofali ya kuchoma, akabisha hodi, akanitambulisha kuwa ni mwalimu wa zamani wa Amoni. Akatoka dada mmoja mpole, mtoto mgongoni.

"Shikamoo mwalimu! Karibu jamani! Baba Brayani anakusifia kila siku!"

Baba Brayani... Nilikaa kwenye mkeka. Yule dada hakuwa na kosa lolote. Alinichemshia chai, akanieleza kwa furaha kwamba Amoni alimtolea mahari kwao miaka mitatu iliyopita, kwamba wanajipanga wakabariki ndoa, kwamba wiki hii amepeleka wageni safari ya mbali. Wageni! Alikuwa Kilosa anapima suti.

Nilikuwa natafuta maneno ya kumuaga. Mara kikaingia kitoto cha kike, cha umri wa kuanza shule hivi. "Mama anaomba kiberiti," kikasema.

Wasomaji wangu, nilitazama paji la uso la mtoto yule. Lilikuwa la Debora wangu alipokuwa mdogo. Macho ya Debora, masikio ya Debora, hata kusimama kwa mguu mmoja juu ya mwingine!

Nikauliza huyu ni nani.

"Huyu ni Mage, mwalimu. Wa jirani hapo. Baba yake ndiye yule mzee wa vipuri pale barabarani, Baba Mage. Ni mtu mzuri sana! Ndiye aliyesimama kuwa mshenga wetu, alikwenda mwenyewe mpaka kwetu kuniposa."

Salome aliinamisha kichwa. Ndipo nilipoelewa kwa nini hakutaka kusema kwa simu.

Sikulia pale. Nilimshukuru yule dada kwa chai, nikambusu mtoto wake, nikaondoka. Nililia garini, njia nzima ya vumbi, kanga mdomoni ili abiria wasisikie. Mume wangu alikuwa na nyumba nyingine. Hilo pekee lingeniua. Lakini kulikuwa na kubwa zaidi: alijua Amoni ana mke, alimposea mwenyewe, na alikuwa anampa binti yetu mtu huyo huyo! Kwa nini? Kwa sababu Amoni alikuwa anaijua siri yake. Amoni akitaka Debora, yeye angesema hapana kwa mdomo upi?

Nilifika nyumbani jioni. Debora nilimwita chumbani nikamwambia kuhusu yule dada na mtoto. Ya baba yake nilishindwa kuyatamka. Akampigia Amoni hapo hapo, naye Amoni akaapa kwa majina yote ya Mungu kwamba Salome alimtaka zamani, yeye akamkataa, ndiyo sababu anamzulia. Debora akaniamini nusu. "Nitamuuliza baba," akasema. "Baba yuko Mikumi kila wiki, hawezi kunidanganya."

Akaenda kumuuliza sebuleni, mimi nimesimama mlangoni. Nilikuwa namwombea mume wangu, mtaniamini? Nilikuwa nasema moyoni, sema kweli, baba, yako mimi nitajua la kufanya nayo, lakini mwokoe mtoto.

Alikohoa. Akasema, "Hayo ni maneno ya watu, mwanangu. Ningeona."

Na mimi sikumwambia kwamba nimemwona Mage. Nilinyamaza makusudi. Nilitaka kujua atafika wapi, na nilitaka kumpa usiku mmoja wa kufikiri. Nikamwambia neno moja tu: "Kesho tangazo lile usilisome."

Jumapili nilikaa mahali pangu, Debora kando yangu. Mume wangu akaja mbele na karatasi yake. Akasoma ya umoja wa wanawake, akasoma ya kwaya. Kisha akanitazama, akashusha macho... na akasoma! Alilisoma jina la binti yake na jina la yule muongo, kwa mara ya tatu na ya mwisho, na akauliza kwa mdomo wake mwenyewe kama kuna mtu yeyote anayejua kizuizi.

Nikasimama.

Nikasema kizuizi nakijua, Amoni ana mke na mtoto Mikumi, nimekunywa chai nyumbani kwake jana. Watu wakaguna. Mchungaji akainuka, akaniuliza kwa upole kama ninaye shahidi, maana hilo ni jambo zito.

"Ninaye, mchungaji. Mshenga aliyeposa yule mwanamke yumo humu kanisani. Ndiye aliyeshika karatasi."

Sitasahau sura ya mume wangu. Hakukana. Karatasi ilimtoka mkononi, na mtu aliyewahi kumfukuza mchumba kwa sababu ya mjomba mlevi akatoka kwa mlango wa pembeni.

Nyumbani tulimkuta amekaa kitandani. Debora ndiye aliyeingia kwanza. Akamuuliza kama alijua. Akasema aliahidiwa kwamba yule mwanamke ataachwa.

"Na wewe ulimwahidi nini, baba?"

Akageukia dirisha. Nikamjibia mimi. Nikamtaja Mage, nikamtaja mama yake, nikayasema yote. Debora hakupiga kelele. Alivua pete ya uchumba, akaiweka kwenye mkono wa baba yake, akamwambia, "Mrudishie mwenzako."

Sasa mume wangu anaishi Mikumi moja kwa moja, na kanisani jina lake halitajwi. Amoni alinitumia ujumbe kwamba mwalimu gani mimi, nimemharibia maisha. Yule dada mpole naye amerudi kwao na mtoto, na kila nikimfikiria naumia, kwa sababu chai yake niliinywa. Wapo akina mama wenzangu walioninunia, wanasema ningeyasitiri, aibu ya mume ni aibu ya mke. Ningesitiri nini? Binti yangu aingie kwenye nyumba ya mwenzake akiwa na shela, ili baba yake aendelee kupigiwa pasi?

Debora alihamia kwa mama yangu mdogo, kule kijijini Magole. Analima bustani na hataki kusikia habari za mchumba. Simu za baba yake hapokei. Wiki iliyopita nilimtembelea. Tukiwa tunachambua mchicha nilimwambia ipo siku atapata mtu wa kweli, na mimi nitakwenda mwenyewe kwao kuuliza kila nyumba.

Akasema, "Sawa, mama. Na siku hiyo nani atanishika mkono kunipeleka mbele?"

Niliendelea kuchambua mchicha.

Akina mama wenzangu, mkiona shaka, nendeni mkaangalie kwa macho yenu, hata mkiitwa wambeya. Msione haya kuuliza kwa sababu mwenye kujibu ni mume. Na ninyi akina baba mnaosoma haya, wenye jina moja huku na jina jingine kule, nawasihi kwa machozi: ungameni mapema, wakati anayeumia bado ni mke peke yake. Mimi nitapona, nimekula chumvi nyingi. Lakini kila jioni mume wangu anampigia binti yake, na simu inaita mpaka inakatika.