Taa Nyekundu na Safari ya Kumleta Mjukuu

Hurmatoy alitoa mkate wa mwisho kwenye tanuri ya udongo, akaupangusa majivu, akaufunga kwenye kitambaa. Mikate hii ilikuwa ya safari. Kesho yeye na mumewe Sodiq wangevuka mlima wa Kamchik kwenda kumchukua binti yao, Dilnavoz. Dilnavoz alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, na mzazi wa mara ya kwanza huja kwao kulelewa na mama yake. Kitanda cha mtoto cha kubembeza kilikuwa tayari chumbani. Hurmatoy hakuwa amemwona mjukuu wake bado, na hamu ilikuwa imemjaa.

Uani, Sodiq aliwasha gari. Kwenye dashibodi ikawaka taa nyekundu yenye picha kama birika. Ilikawia kuzimika.

"Hiyo birika yako inazidi kukawia," Hurmatoy alisema. "Na jana jioni nililifukiza gari kama ulivyotaka."

"Ni jicho la watu. Tangu mtoto azaliwe, mtaa mzima unatutazama. Lifukize tena."

Hurmatoy akachoma tena majani ya isiriki, ya kufukuza jicho baya, akalizunguka gari na moshi wake. Jirani yao Oyniso alichungulia juu ya ukuta. Mama huyu alitengeneza matrekta ya shirika la pamba mpaka akastaafu, na sauti yake bado ilikuwa ya kushindana na trekta.

"Nasikia harufu ya isiriki. Nani mgonjwa?"

"Gari," Hurmatoy alijibu.

Oyniso alicheka, akaja. Alipoelezwa habari ya taa, kicheko kikakatika.

"Oili ulibadilisha lini, mdogo wangu?"

"Oili yangu safi, dada." Sodiq alichomoa stiki ya kupimia oili akamwonyesha. "Tazama, kama chai ya kijani. Gari hili linakula gesi, halili petroli. Gesi haichafui oili."

"Nimeuliza lini."

Sodiq alijikuna kisogo. "Kabla ya harusi ya Dilnavoz."

"Na sasa Dilnavoz ana mtoto," alisema Hurmatoy.

"Rangi ndiyo inayokudanganya," Oyniso alisema. "Ungetumia petroli, oili ingekuwa nyeusi na ungeogopa mapema. Gesi haina masizi mengi, lakini oili inachoka vilevile. Na filta inachoka nayo."

"Filta ndiyo nini?" aliuliza Hurmatoy.

"Kikopo cha chuma kilichofungwa kwenye injini. Ndani mna karatasi ya kuchuja oili. Wewe ukichuja maziwa kwa kitambaa kilekile bila kukifua, itakuwaje?"

"Kitaziba."

"Basi na filta inaziba. Ikiziba, oili inapita bila kuchujwa, na chembe za chuma zinaisaga injini. Tena ndani mna raba inayoizuia oili isishuke yote gari likilala. Raba ikichoka, asubuhi oili inakawia kupanda, na taa inakawia kuzimika. Taa hiyo si ya kupuuza. Ikiwaka barabarani, simama pembeni, zima injini hapohapo."

"Tukirudi nitabadilisha," Sodiq alisema.

Hurmatoy aliweka chini chetezo cha moshi. Kwa kawaida hakumpinga mumewe mbele ya majirani, lakini leo uchungu ulimzidi.

"Kule juu kuna theluji, baba Dilnavoz. Gari likifa, yule mtoto nitamfunika na nini? Na kitambaa cha mikate?"

Sodiq alitazama dirisha la chumba chenye kile kitanda kidogo. Alichukua kofia yake, akaenda sokoni na kitabu cha gari mkononi, ili anunue oili na filta zilizoandikwa mle.

Mchana waliliingiza gari juu ya shimo la kutengenezea magari kwa Oyniso. Injini ilikuwa vuguvugu, maana oili yenye joto kidogo hutoka vizuri, ila ya moto sana huunguza. Sodiq alifungua nati ya chini, oili ikamwagikia kwenye beseni. Akafungua filta ya zamani, akashika mpya ili aifunge.

Hurmatoy alikuwa akizilinganisha filta zote mbili kwa macho. "Hiyo mpya ina pete ya raba mdomoni. Ya zamani mbona haina?"

Oyniso aligeuka haraka. Akapitisha kidole mahali filta inapokaa, akaibandua pete nyeusi iliyoganda pale.

"Raba juu ya raba huvuja," alimwambia Sodiq. "Oili yote ungeimwaga mlimani. Mshukuru mkeo."

"Nimemshukuru," alisema Sodiq kwa sauti ndogo.

Alipafuta pale mahali, akapaka raba mpya oili kidogo, akaifunga filta kwa mkono bila spana. Akaifunga nati na kumimina oili mpya hadi alama ya stiki. Alipowasha, taa ilikaa sekunde chache tu ikazimika. Wakachungulia chini; hapakuwa na tone. Wakazima, wakasubiri, wakapima tena na kuongeza kidogo.

Sodiq alibeba beseni kuelekea kwenye mfereji wa kumwagilia bustani.

"Na nyanya zako unazinywesha nini?" Oyniso aliuliza. Basi oili chafu ikaenda kwenye kidumu, na kidumu kikaenda gereji wanakoipokea.

Siku iliyofuata walivuka mlima, na kesho yake wakarudi. Dilnavoz alisinzia nyuma. Mtoto alilala kifuani kwa bibi yake, na taa haikuwaka hata mara moja. Karibu na kilele, mwanamume alikuwa amesimama kwenye theluji kando ya gari lililofunguliwa boneti, na mama mzee akitetemeka ndani. Sodiq alisimama.

"Limezimika lenyewe, kaka," yule mtu alisema. "Taa iliwaka, nikasema nifike kwanza. Na oili yangu safi kabisa. Tazama." Akachomoa stiki.

Oili ilikuwa kama chai ya kijani. Sodiq aliitazama, kisha akamtazama mkewe.

"Njoo na mama kwenye gari letu," alisema. "Habari ya hiyo rangi nitakueleza tukiwa tunashuka."

Hurmatoy alisogea, akamfunika yule mama kwa nusu ya blanketi. Nusu nyingine ilibaki juu ya mjukuu wake, ambaye hakuamka.