Kofia ya Ngozi ya Pelele

Zama zile bunduki zilikuwa bado chache mlimani, na kila mteremko ulikuwa na mangi, mtawala wake. Watu wa Lemanyi walilala sikio moja likiwa macho. Miongoni mwao alikuwamo askari aitwaye Kiwia, aliyeoa mwanamke wa Orambe, nchi ya magharibi. Wakati wa amani ndoa ile ilikuwa baraka. Siku walinzi waliposhuka kutoka juu ya msitu na kofia ya vita isiyo na mwenyewe, ndoa hiyo ikageuka kitanzi.

Ilikuwa kofia ya ngozi ya pelele, mnyama mdogo wa miambani, ya kufunika masikio, ambayo askari huvaa wakipita kule juu kwenye jalidi, umande ulioganda. Waliileta kwenye ncha ya mkuki, maana kofia ya adui haikuguswa kwa mkono. Ilisemwa hubeba laana ya aliyeivaa. Manyoya yalikuwa ndani.

"Orambe," alisema Moshiro, mkuu wa vita. "Nani mwingine huvaa manyoya ndani? Na nani kawaonyesha njia? Muulizeni Kiwia analala na nani."

Watu walicheka, kicheko cha hofu. Ndeanka, mke wa Kiwia, akaletwa mbele ya Mangi akiwa amefungwa mikono kwa kamba ya mgomba.

"Mangi," alisema Kiwia, "mmeitazama kwa mbali tu. Nipeni."

Kabla hajajibiwa aliichomoa mkukini. Watu wakarudi nyuma. Mwanamke mmoja akapiga ukelele. Kiwia alitia mkono ndani. Manyoya yalikuwa makavu, safi. Akaifuta ngozi ya nje kwa kidole. Kidole kikatoka na mafuta na udongo mwekundu.

"Kichwa kilikuwa upande huu," alisema. "Imegeuzwa, ikatupwa tuione. Orambe hawapaki nywele udongo. Wanaopaka ni Usarani, jirani zetu wa mashariki. Watatujia kwa korongo la mashariki, sisi tukiwa tumekimbilia magharibi."

"Anamtetea mkewe!" alifoka Moshiro.

Mangi alikitazama kile kidole chekundu.

"Tutakwenda mashariki," alisema mwishowe. "Mwanamke naye aje. Jua likichomoza korongo likiwa tupu, atupwe humo."

Wakakesha juu ya korongo bila moto, ukungu umewafunika. Hakuna aliyekaa karibu na Kiwia, isipokuwa mkewe.

"Umeigusa kwa mkono mtupu," alinong'ona Ndeanka. "Una wazimu wewe."

"Ulitaka nikae nitazame?"

"Na kama umekosea, baba?"

Kiwia aliinama akachungulia korongoni. Ukungu ulianza kuwa mweupe, ndege wakalia, na chini hapakuwa na kitu ila maji. Moshiro akaja, akaishika ile kamba.

"Simama, shemeji," alimwambia Ndeanka. Hakuwa akitania. Yeye mwenyewe meno yalikuwa yakigongana.

Hapo Kiwia alimwomba Ruwa, Mungu wa mlima, jambo ambalo hakuna askari wa Lemanyi aliyewahi kuliomba. Aliomba adui waje. Waje wengi, waje sasa.

Jiwe likaporomoka chini. Kisha jingine. Vichwa vyekundu vikatokeza ukunguni, vimeinama, mikuki ikiwa mingi kama matete. Moshiro aliiachia kamba.

Usarani walivunjwa korongoni asubuhi ile, wala hawakurudi tena. Lakini hawakufa bila kupigana, na vijana wengi wa Lemanyi walilala nao majini. Moshiro, damu ikimchuruzika begani, alikata kamba ya Ndeanka.

Waliporudi, kilio kilisikika katika kila shamba la migomba. Kiwia alipita kati ya akina mama akiwa amemshika mkewe mkono, akashindwa kuwatazama usoni. Nyimbo za Lemanyi zasema kwamba usiku ule wa mkesha nchi nzima ilimwomba Ruwa vita ipite mbali.

Mmoja hakuomba hivyo.