Sikio Juu ya Meza ya Kukatia

Kila akitoka shule, Chiriku alibadili sare, akala, kisha akapita na sumaku chini ya vyerehani viwili kuokota pini. Jina hilo alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Nyumbani kwao halikumshangaza mtu. Chumba cha mbele kilikuwa cha kushonea, na watu hawakukosekana: mwenye kitambaa na asiye nacho, na yule aliyepita kusalimia tu, akakaa saa mbili.

Mama yake ndiye aliyekuwa fundi. Akimpima mteja, mikono yote miwili ilishika tepu, kwa hiyo hakuandika. Simu yake ilisimama juu ya meza ya kukatia ikirekodi, naye akitaja vipimo kwa sauti. "Bega arobaini. Kiuno sabini na mbili. Usivute tumbo ndani, dada, gauni halidanganyiki!" Baadaye alisikiliza, akakata.

Cherehani cha pili kilikuwa cha mama mdogo, ambaye mtaa mzima ulimwita Redio. Habari ama ilianzia kwake ama ilipitia kwake, kumruka haikuwezekana.

Jumamosi moja asubuhi, muuguzi wa zahanati aliingia bila hodi. Wiki iliyotangulia alikuwa amepimwa gauni la harusi, akaomba jambo moja tu: lisijulikane, maana wazee wa pande mbili walikuwa bado hawajakutana.

"Soma mwenyewe," alimwambia fundi, akimnyooshea simu yake.

Ujumbe ulitoka namba ngeni: "Gauni la rangi ya maziwa litakufaa. Kiuno sabini na mbili si haba." Chini yake palikuwa na picha ya muuguzi mbele ya kioo cha chumba kile kile, kitambaa begani. Fundi aliitambua. Aliipiga yeye kwa simu yake, ili akumbuke kitambaa kilivyolala.

"Siku ile tulikuwa watatu," alisema muuguzi. "Mimi sijasema. Wewe nakuamini. Amebaki nani?"

Mguu wa Redio ulisimama juu ya kikanyagio.

"Mimi? Umbea ninao, sikatai! Lakini ya mtaani ni ya wote, ya humu ni ya mteja. Ya humu sijawahi kuyatoa hata siku moja."

"Mdogo wangu," alisema fundi taratibu, "funika cherehani. Kapumzike nyumbani kwako mpaka nijue la kufanya."

Redio aliinuka kitini. Alikusanya mkasi wake, kastabini na chaki, vitu vilivyokaa pale miaka tisa, akavitia mfukoni kimoja kimoja.

Chini ya meza, Chiriku alikuwa ameshika sumaku iliyojaa pini. Wiki mbili nyuma, mtu asiyemjua alituma linki katika kundi la darasa: programu ya bure ya kubadilisha sauti, uongee kama katuni. Chiriku aliifungua kwa simu ya mama. Simu ilionya kwamba programu hiyo haitoki kwenye duka lake la kawaida; akabonyeza Kubali. Programu iliomba picha, kipaza sauti, namba za watu na mahali simu ilipo. Kubali, Kubali, Kubali, Kubali, kama karani anayegonga mihuri. Kisha alama yake ikatoweka, akadhani imeharibika. Tangu siku ile simu ilikuwa ikipata moto bure na bando likiisha upesi. Mama alisema simu imezeeka. Chiriku alinyamaza.

Redio alikwisha kushika kitasa.

"Mama mdogo, usitoke!" Chiriku alitokeza kichwa. "Ni mimi. Niliweka kitu kwenye simu ya mama."

Alieleza yote, hata zile Kubali hakuacha moja.

Wote wanne walivuka barabara hadi kwenye kibanda cha fundi simu, mwanamke mwenye miwani iliyosukumwa juu ya nywele.

"Msafara wote huu! Simu inazikwa?" aliuliza. Alipoambiwa, aliacha utani. Kwanza alizima intaneti. Kisha alifungua mipangilio, akapitia orodha ya programu hadi kwenye moja isiyo na picha, iliyojiita Huduma ya Mfumo. "Huyu hapa. Jina la kiofisi, kazi ya kuchungulia. Kila mliporekodi, na mwingine alisikiliza. Huenda hata hamumjui."

Alimwambia muuguzi asimjibu mtu yule, autunze ujumbe kama ushahidi, aupeleke polisi. Alihamisha picha na vipimo, akaifuta simu yote, akaiwasha upya. Manenosiri yote yalibadilishwa kwa kutumia simu nyingine iliyo safi.

"Programu ya kubadili sauti ina haja gani na picha zenu?" alimuuliza Chiriku. "Swali hilo uliulize kabla ya kubonyeza. Ukikosa jibu, kataa."

Mama wa Chiriku alimgeukia Redio. "Nimekukosea mbele ya watu, mdogo wangu. Nakuomba radhi mbele ya watu hao hao."

"Imeniuma," alisema Redio. Akautoa mkasi mfukoni. "Lakini nimesamehe. Twende, lile gauni halijishoni."

Muuguzi naye aliinama, akamshika mkono.

"Na wenzangu walioifungua?" Chiriku aliuliza.

"Utawapitia nyumba kwa nyumba leo hii," mama alijibu. "Simu yangu hutaigusa mwezi mzima. Sikiliza, mwanangu. Kosa la kubonyeza limefutwa kwa nusu saa, umeona. Lakini simu ilipoanza kupata moto ulijua, ukanyamaza, na mama yako mdogo alikuwa anatoka na mkasi wake mfukoni. Kosa la kunyamaza halina fundi. Ukikosea, sema siku ile ile."

Chiriku alianza na nyumba ya jirani.