Bata wa Upande wa Mashariki

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nasema mapema ili usijisumbue kumtafuta mwingine.

Kila Jumamosi asubuhi, nikishafagia uwanja na kuosha vyombo, nilikwenda ziwani na wenzangu wa klabu ya ndege ya shule. Wote waliniita Redio, kwa sababu nikianza kusema sizimiki. Rafiki yangu Miwani alikuwa kinyume changu kabisa. Yeye aliweza kulala kifudifudi kwenye nyasi saa nzima akimtazama ndege mmoja, kisha akaandika mstari mmoja tu.

Kando ya kibanda cha mama mlinzi wa ziwa palikuwa na ubao mweusi. Ukiona ndege unaandika kwa chaki: saa, mahali, idadi na jina lako. Wiki ile sote tulimtafuta bata mmoja adimu, mwili wa kahawia, mdomo wa buluu, mkia umesimama wima kama mpini wa mwiko. Mwalimu wetu wa sayansi alisema hajaonekana pale kwa miaka tisa, na kwamba akija, huja kutaga. Mama mlinzi naye alikuwa na kanuni yake: watu watatu wakimwona mahali pamoja, upande huo unafungwa kwa kamba nyekundu, hakuna kupita wala kukata matete mpaka mayai yaanguliwe.

Darubini zilikuwa mbili, na zote zilikuwa kwa wengine. Mimi nilitumia macho yangu na haraka yangu. Upande wa mashariki, katikati ya matete, nikaona kitu cha kahawia kinaelea. Kina buluu mbele! Kina mkia nyuma! Nilikimbia hadi ubaoni nikaandika: "Saa moja na nusu, mashariki, mmoja. Redio."

Ndipo nikarudi kumtazama vizuri. Nikakunja sketi, nikaingia kwenye matope hadi magotini, nikasogea. Bata wangu alikuwa gogo. Mdomo wa buluu ulikuwa mfuko wa plastiki ulionasa kwenye gogo, na mkia ulikuwa kitawi kilichovunjika.

Nilitoka mbio kwenda kufuta. Lakini ubaoni nilikuta watu wamejaa.

"Redio, una macho ya tai!" mmoja akanipiga bega.

"Miaka tisa, na aliyemwona ni wewe!"

Sifa ni tamu, ndugu yangu. Nikayameza maneno yangu pamoja na matope. Kufika saa nne, ubao ulikuwa umenenepa. Mmoja aliandika, "Mashariki, wawili." Mwingine, "Mashariki, wawili, wanacheza." Wa mwisho, bila aibu, "Mashariki, na vifaranga sita." Gogo langu lilikuwa limezaa!

Mama mlinzi akachukua kamba nyekundu, akaufunga upande wa mashariki.

Hapo ndipo Miwani alipotokea, nyasi zimemjaa kichwani. "Nimewaona magharibi," alisema kwa sauti ndogo. "Karibu na lile jiwe refu. Dume anaogelea, jike amelalia mayai."

Watu waliangua kicheko. "Vua miwani uifute kwanza!"

Miwani hakuwajali. Alinigeukia mimi. "Redio, wewe ulimwona vizuri?"

"Kama ninavyokuona wewe," nikamjibu.

Alinitazama kidogo, akaandika mstari wake ubaoni, akaondoka. Mstari mmoja hautoshi kuleta kamba.

Jioni, Mjomba alirudi nyumbani amefura. Yeye ni fundi wa uzio wa matete, nami nakaa kwake. Aliuweka mundu chini kwa kishindo.

"Matete yangu ya mashariki yameiva, nilikuwa nayasubiri tangu masika, leo nakuta kamba! Eti bata! Sasa nimeambiwa nikakate magharibi. Kesho asubuhi naanza pale kwenye jiwe refu."

Nilirudisha tonge kwenye sahani.

"Mjomba, kesho si upumzike?"

"Nikipumzika, utakata wewe?"

"Lakini mundu wako ni butu."

"Nimeunoa leo."

"Huenda mvua ikanyesha."

"Redio," Mjomba alisema, "siku hizi unatangaza na hali ya hewa?"

Ningeweza kusema pale pale. Sikusema. Asubuhi niliomba kumbebea kamba za kufungia matita, na njia nzima nilikuwa nikitafuta njia ya kumwokoa bata bila kujiaibisha mwenyewe. Sikuipata, kwa sababu haikuwepo. Tulifika kwenye jiwe refu. Mjomba akashika fungu la kwanza la matete kwa mkono wa kushoto, akainua mundu.

"Mjomba, usikate!" nilipiga kelele. "Bata wa mashariki ni gogo! Nilijua tangu jana! Bata mwenyewe yuko hapa!"

Mundu ulibaki hewani. Mjomba alinitazama, akayatazama matete, kisha akayatenganisha polepole kwa mpini. Hatua mbili mbele yetu, jike alikuwa amekaa kwenye kiota. Alitukodolea macho kama mama aliyechoshwa na wageni wasioaga. Tulirudi kinyumenyume bila hata kukohoa.

Tulikwenda moja kwa moja hadi kibandani. Mwalimu na Miwani walikuwa wamekwishafika, wakimsihi mama mlinzi aende akaangalie magharibi. Nilieleza yote, tangu mfuko wa plastiki mpaka macho ya tai. Miwani alinisikiliza, kisha akauliza, "Leo umemwona vizuri?"

"Vizuri. Na jana nilikudanganya. Nisamehe."

"Haya," alisema. Kwa Miwani, hiyo ni hotuba.

Mama mlinzi alihamisha kamba kwenda magharibi. Mimi nikapewa kitambaa nifute ubao wote isipokuwa mstari wa Miwani, kisha nikabebe matita ya Mjomba kutoka mashariki mpaka jua la utosi.

"Kukosea kuona si dhambi," Mwalimu aliniambia. "Hata mimi niliwahi kumwita kunguru mwewe. Kosa lilianza pale ulipojua ukweli ukauacha uongo ubaki ubaoni. Watu wengine hufanya kazi zao kwa kufuata tulichoandika."

Baada ya matita matatu shingo iliniuma, na ubishi wangu ulikuwa bado hai.

"Lakini Mwalimu, mbona nabeba peke yangu? Kuna watu wameandika wawili! Kuna mtu ameandika vifaranga sita!"

Mama mlinzi, aliyekuwa akikunja kamba iliyobaki, hata hakuinua kichwa.

"Wa vifaranga zamu yake inakuja. Lakini hao wote walidanganywa na wewe, Redio. Wewe ulidanganywa na nani?"