Aliyewaua Kiwi wa Bondeni

Kila Jumamosi baada ya kifungua kinywa, Mereana na shangazi yake Huhana walipanda kilimani kukagua mitego. Kijiji kizima kilikuwa na zamu. Ndani ya kila sanduku la mbao waliweka yai la kumvutia kicheche, mnyama mdogo mkali aliyeletwa na wageni zamani, anayewamaliza kiwi, ndege wasioweza kuruka.

Jumamosi hiyo walimkuta kiwi dume amekufa kando ya shimo lake. Kwa kiwi, dume ndiye huatamia, na mayai yake yalikuwa yamepoa.

"Huyo kicheche nitamkomesha," Mereana alisema huku akisaga meno. "Atajuta kuzaliwa!"

Shuleni, binamu yake Hohepa akachochea moto. "Mwenzio saa hizi kashiba, anakucheka tu!"

Mereana akaomba mitego zaidi, akaipanga bonde zima. Kicheche mmoja alinaswa, akafa papo hapo. Mereana akaokota fimbo, akaanza kuuchapa mzoga.

"We mtoto! Kashakufa huyo. Unampiga nani?"

"Bado hajalipa, shangazi."

Siku chache baadaye, kiwi jike naye akakutwa ameuawa. Shangazi Huhana akapiga magoti, akampapasa.

"Kifua kimepondwa. Kicheche hula vifaranga. Kiwi mkubwa humtimua kwa mateke. Hii ni kazi ya mbwa, na bila shaka hata yule dume."

"Basi apigwe risasi!" Mereana akafoka. "Hata awe wa nani!"

Jioni alikwenda kumlisha mbwa wake, Moko. Kwenye ukosi wake palikuwa pamenasa unyoya wa kiwi, wa kahawia, mwembamba kama unywele. Kila Moko alipolia usiku, ni yeye aliyekuwa akimfungua kamba kwa huruma.

Akauchomoa ule unyoya. Jikoni moto ulikuwa unawaka. Angeutupa humo, nani angejua? Moko akamlamba mkono. Mereana akasimama pale hadi machozi yakamtoka, kisha akaenda kwa shangazi na kufungua kiganja.

"Ni Moko. Mimi ndiye ninayemfungua."

Hohepa alikuwa mezani anakula. "Si ulisema apigwe risasi hata awe wa nani?"



"Hohepa, kula chakula chako," shangazi akasema.

Kesho yake Mereana aliwaeleza wanakijiji mwenyewe. Wengine walitaka Moko auawe. Mwishowe walikubaliana apelekwe mjini kwa mjomba, kwenye ua wenye uzio, mbali na kiwi. Na kuanzia siku hiyo, kila mbwa wa kijijini afungwe usiku.

Gari lilipoondoka na Moko, shangazi alimshika Mereana begani.

"Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu. Hasira ilikupeleka msituni kumsaka adui, ukasahau kutazama mlangoni kwako. Mitego tutaendelea kutega. Lakini tunatega ili kiwi waishi, si ili tufurahie kifo cha mwingine. Mwenye kulipiza kisasi hutafuta wa kumpiga. Mwenye kulinda huanza kwa kujikagua mwenyewe."